Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati ana adui watatu



Kazini sisi wote tunajua desturi moja: mbele ya kushuka chini ya udongo, mtu anauliza kwanza hatari iko wapi. Ni jiwe lililolegea juu ya kichwa? Ni gazi? Ni mashini? Mtu asiyejua hatari yake hawezi kujilinda. Leo ukurasa huu unataka kufuata desturi ile ile kwa ajili ya mtu asiye na kofia ya kazi, wala viatu vya chuma, wala nguvu ya kuita msaada. Mtu huyo ni mtoto aliyezaliwa kabla miezi yake haijatimia.

Mtoto wa namna hii akizaliwa, mara nyingi watu wa nyumba wanatazamana tu. Mmoja anasema kwa sauti ya chini: “Huyu ni mdogo sana, hatabaki.” Basi wanachelewa kumpa jina, wanachelewa kumtafutia nguo, wanachelewa kumpeleka lupitalo. Neno lile “hatabaki” linaua watoto wengi, kwa sababu si kweli kwamba udogo peke yake unaua. Mtoto mdogo ana adui watatu: baridi, njaa na ugonjwa. Ukiwazuia hao watatu, watoto wengi wadogo wanaishi, wanakua, wanaenda masomo, wanafanya kazi kama watu wengine.

Aliyeonyesha jambo hili wazi ni munganga mmoja wa Ufaransa, jina lake Pierre Budin. Tufuate kazi yake, maana mambo mengi tunayoyafanya katika dispanseri na maternite zetu yametoka kwake.

NI MTOTO GANI TUNAYEMSEMA?

Mimba ya kawaida inachukua majuma karibu 40. Mtoto anayezaliwa mbele ya majuma 37 amezaliwa mbele ya wakati. Tena kuna mtoto ambaye wakati wake umetimia, lakini uzito wake haufiki kilo 2 na gramu 500. Yeye pia anahitaji uangalizi mkubwa.

Usifikiri jambo hili ni aibu ya nyumba yako peke yako. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watoto karibu milioni 13 na nusu walizaliwa mbele ya wakati katika dunia nzima. Kwa hiyo usimtafute mchawi, wala usimlaumu bibi yako. Malaria, ugonjwa wa damu kupanda, mapasa, magonjwa ya njia ya mkojo, mimba zinazofuatana upesi: hizo ni baadhi ya sababu. Na mara nyingi hata munganga hawezi kuiona sababu.

MUNGANGA BUDIN ALIANZAJE?

Pierre Budin alizaliwa mwaka 1846. Alijifunza kazi katika Paris, na mwalimu wake mkubwa alikuwa Munganga Stéphane Tarnier wa lupitalo inayoitwa Maternité. Siku zile mtoto akizaliwa na kilo 1 na nusu, wanganga wengi walimwacha. Walimfunga katika pamba, wakangoja afe.

Mwaka 1878 Tarnier alitembelea bustani ya wanyama ya Paris. Kule aliona kisanduku cha joto cha kuangulia mayai ya kuku. Akafikiri: kama joto linasaidia kifaranga, kwa nini lisimsaidie mtoto? Akamwomba fundi wa bustani ile, Odile Martin, amtengenezee kisanduku kikubwa cha watoto. Kilikuwa kisanduku cha mbao, chini kina maji ya moto, juu wanalala watoto. Hii ndiyo kuveze ya kwanza ya Maternité, na ilianza kazi karibu na mwaka 1880. Mbele yake, katika watoto 100 wenye uzito usiofika kilo 2, 66 walikufa. Baada ya kuveze kuingia, walikufa 38. Wengine walisalimika kwa joto la maji ya moto.

Budin aliona matunda ya kazi ya mwalimu wake. Lakini aliona pia kwamba kisanduku peke yake hakitoshi. Mwaka 1895 alipewa kuongoza nyumba ya watoto dhaifu katika Maternité, nyumba ambayo mama mzalishaji mkuu wa pale, Madame Henry, aliifungua mwaka 1893. Budin alipima uzito wa watoto, alipima joto lao, na aliandika yote. Mwaka 1900 alitoa mafundisho yake katika kitabu Le Nourrisson, maana yake mtoto anyonyaye. Humo alipanga kazi ya mtoto dhaifu katika mafungu matatu: joto lake, chakula chake, na magonjwa yanayomshika. Sisi pia tuyafuate hayo matatu.

ADUI WA KWANZA: BARIDI

Chukua sufuria kubwa ya chai na kikombe kidogo cha chai, uviache mezani. Ni kipi kitapoa upesi? Kikombe. Mwili wa mtoto mdogo ni kama kikombe kile: joto linatoka upesi, na chini ya ngozi yake hakuna mafuta ya kulizuia. Tena anazaliwa na maji mwilini. Usipompangusa mara moja, maji yale yanachukua joto lake yanapokauka.

Budin aliona watoto waliozaliwa mjini wakiletwa kwake wamekwisha kupoa njiani, na wengi wao hawakupona hata wakitiwa katika kuveze. Njia ya kuelekea lupitalo ilikuwa imekwisha kuwaua. Sisi tunaokaa Katanga tusiseme baridi ni jambo la Ulaya. Nani asiyejua usiku wa mwezi wa sita na wa saba kwetu?

Basi, mtoto akizaliwa:
– Mpanguse mara moja kwa kitambaa kikavu, hasa kichwa. Kitambaa kilicholowa ukitupe kando.
– Mweke kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, ukawafunike wote wawili. Mvalishe kofia.
– Usimwogeshe siku ya kwanza. Mtoto mdogo sana angoje mpaka mzalishaji aruhusu.
– Ukimpeleka lupitalo, asafiri kifuani mwa mtu, ndani ya nguo. Asilale peke yake katika kikapu au katika blanketi.

Usimwekee chupa ya maji ya moto karibu na ngozi wala mbabula chumbani. Chupa inaunguza, na moshi wa makala unaua. Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unajua gazi ni nini.

ADUI WA PILI: NJAA

Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati anachoka upesi. Mbele ya majuma karibu 34 ya mimba, wengi hawajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango mmoja. Mama anaona mtoto hashiki ziwa, anafikiri hana njaa. Ana njaa, lakini hana nguvu. Ukimwacha alale tu, kesho atakuwa dhaifu zaidi, na kesho kutwa hataamka.

Tarnier na Budin waliwalisha watoto hao kwa mpira mwembamba unaopita kinywani mpaka tumboni. Maternite zinafanya hivyo mpaka leo, na mama asiogope akiuona. Na ndani ya mpira ule chakula bora ni maziwa ya mama mwenyewe. Budin alihangaika sana ili maziwa ya mama yasikauke wakati mtoto hana nguvu ya kunyonya.

Kwa hiyo mama akamue kwa mkono, katika kikombe kilichochemshwa, mchana na usiku, kila saa mbili au tatu. Mtoto anayeweza kumeza apewe kwa kikombe kidogo, polepole, akiwa amekaa kidogo, si kulala chali. Asipewe chupa yenye chuchu ya mpira, maana ni ngumu kuisafisha. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano, usiyamwage hata tone moja: ndiyo kinga yake ya kwanza. Maji ya sukari, uji na dawa za majani visiingie kinywani mwake.

Na wewe baba, angalia sahani ya bibi yako. Mama anayekamua maziwa usiku na mchana anahitaji bukari, sombe, samaki au kunde, na maji ya kunywa mengi. Tena anahitaji mtu mwingine wa kuchota maji na kufua.

ADUI WA TATU: UGONJWA

Mtoto wa miezi saba hajapata kinga yote ambayo mama anampa katika majuma ya mwisho ya mimba. Mafua madogo ya mtu mzima, kwake yanaweza kuwa ugonjwa wa mapafu. Budin aliwatenga watoto wagonjwa na wale wazima, wasiambukizane. Hakuwa na dawa za antibiotiki, maana zilikuja miaka mingi baada yake. Silaha yake kubwa ilikuwa usafi. Leo tuna dawa, lakini usafi ungali wa kwanza.

– Kila mtu aoshe mikono kwa sabuni mbele ya kumshika mtoto. Kila mtu, hata nkambo, hata pasta.
– Mwenye kikohozi, mafua au vidonda asimshike.
– Kitovu kikae kikavu. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno. Paka tu kile ulichopewa na dispanseri.
– Mfanyakazi asimguse mtoto na nguo za kazi. Vumbi la mgodi si lake. Oga kwanza, badili nguo, ndipo umbebe.

MAMA ASIACHWE NYUMA YA KIOO

Budin aliona jambo lingine ambalo wengi hawakuliona. Mtoto alikaa majuma mengi katika kuveze, na mama alikaa mbali. Siku ya kutoka, akina mama wengine walikuwa kama wageni kwa watoto wao, na wengine waliwaacha kabisa. Mtoto ameokoka, lakini amempoteza mama. Kwa hiyo Budin alitaka kuveze ziwe na vioo, mama aweze kumwona mtoto wake, aje, amnyonyeshe, amjue.

Tena aliuliza: mtoto akitoka lupitalo, nani anamwangalia? Mwaka 1892, katika lupitalo ya Charité kule Paris, alikuwa ameanza kuwaita akina mama warudi na watoto wao kila juma. Mtoto anapimwa uzito, uzito unaandikwa, mama anapewa shauri. Mwaka 1894 Munganga Léon Dufour alianza kazi ya jamii ile katika mji wa Fécamp, akaiita Goutte de lait, maana yake tone la maziwa. Mwaka 1902 Budin na wenzake walianzisha chama cha kupigana na vifo vya watoto. Alikufa mwaka 1907.

Kazi yake haikufa. Ilipita Ubelgiji, ikafika Kongo. Hapa Katanga, wazee wetu waliokaa katika kambi za Union Minière wanakumbuka foleni ya akina mama wenye watoto mbele ya kipimo. Kampuni ya wakati ule ilikuwa na hesabu yake: ilitaka watoto wa kambi wakue wapate kuwa wafanyakazi. Lakini kipimo chenyewe kilisaidia, na kinasaidia mpaka leo. Unapochukua karatasi ya mtoto na kwenda kumpima, unafuata njia ya Budin. Kwa mtoto aliyezaliwa mdogo, kipimo kile ni lazima, kwa sababu macho ya mama hayaoni gramu 100 zilizopotea.

KAMA HAKUNA KUVEZE?

Sasa utasema: “Munganga, hayo ni ya Paris. Kwetu kuveze ni chache, na umeme unakatika.” Swali hili lilijibiwa na munganga wa Kolombia, nchi ya Amerika ya Kusini.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, Munganga Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wadogo wengi na kuveze chache. Watoto zaidi ya mmoja walilala katika kuveze moja, wakaambukizana. Rey akaona kwamba mama mwenyewe ana joto lisilokatika, ana maziwa, na yuko tayari. Akawafunga watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Munganga Héctor Martínez Gómez aliendelea na kazi ile pamoja naye. Watu waliiita njia ya kanguru, mnyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumbo.

Wengine walidharau: wakasema ni dawa ya maskini. Miaka ikapita, watu wakaipima. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2021 ulifanywa katika Ghana, Malawi, Nigeria, Tanzania na Uhindi, kwa watoto zaidi ya 3 000 wenye uzito wa kilo 1 mpaka karibu kilo 1 na gramu 800. Fungu moja lilifungwa kifuani upesi baada ya kuzaliwa. Fungu lingine lilingoja kwanza mtoto apate nguvu. Katika siku 28 za kwanza, walikufa karibu 16 kwa 100 katika fungu lililongoja, na 12 kwa 100 katika fungu la kifuani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njia hii ianze mara tu mtoto anapozaliwa, kila siku saa 8 mpaka 24. Lakini mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe, au aliye katika hatari kubwa, anahitaji kwanza mashini na mikono ya wanganga.

NAMNA YA KUMFUNGA

Jifunze kwanza maternite, mbele ya macho ya mzalishaji. Ukifika nyumbani ukumbuke hivi:

1. Mtoto akae uchi, na kofia, soksi na kitambaa cha matakoni tu. Kifua chako pia kiwe wazi na safi.
2. Mweke wima katikati ya maziwa, miguu imekunjwa kama ya chura.
3. Kichwa kigeuke upande mmoja, kidevu kiinuke kidogo. Pua na kinywa visizibwe hata dakika moja.
4. Mfunge kwa kikwembe kilichokazwa vizuri, ukingo wa juu ufike chini ya sikio lake. Juu yake vaa shati au blanketi.
5. Usiku lala umeegemea mito, nusu kukaa. Usilale chali kabisa, wala kwa tumbo.
6. Endelea mpaka afike karibu kilo 2 na nusu, au mpaka yeye mwenyewe akatae kwa kusukuma miguu.

BABA NAYE ANA KIFUA

Miaka michache nyuma nilimjua mfanyakazi mmoja wa posti ya usiku. Bibi yake alizaa mapasa, mmoja wa gramu 1 700, mwingine wa gramu 1 600. Mama hakuweza kuwabeba wote wawili mchana na usiku. Baba akitoka kazini asubuhi alioga, alikula, halafu alifunga mtoto mmoja kifuani akalala naye ameegemea mito. Wenzake walimcheka: “Umekuwa mama?” Hakujibu kitu. Kila juma walikuja kwenye kipimo, yeye na bibi yake, kila mtu na mtoto wake. Katika juma la saba mapasa wote wawili walikuwa wamepita kilo 2 na nusu. Joto la kifua cha baba ni sawa na la mama. Ni maziwa tu ambayo hana.

USINGOJE KESHO

Mpeleke mtoto lupitalo mara moja, hata usiku, ukiona moja ya mambo haya:
– anakataa kunyonya au kumeza;
– anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinaingia ndani akipumua, au anasahau kupumua;
– mwili una moto, au umepoa na haupati joto hata kifuani;
– anashikwa na degedege;
– amelegea, haamki hata ukimgusa;
– viganja au nyayo ni za rangi ya manjano;
– kitovu chekundu au chenye usaha.

Na wewe mama mwenye mimba: fuata siku za kupimwa, lala chini ya chandarua, meza dawa ya malaria unayopewa. Uchungu ukikujia au maji yakitoka mbele ya wakati, usingoje nyumbani ili “uone kwanza”. Mwaka 1972 wanganga Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano anayochomwa mama mbele ya kuzaa inasaidia mapafu ya mtoto kukomaa. Lakini dawa ile inataka muda. Ukifika maternite na mtoto amekwisha kutoka, hatuwezi kumchoma tena.

Wandugu, andikeni leo, si siku ya taabu: nani atabaki na watoto, nani ana gari au pikipiki, franga za safari ziko wapi, vikwembe viwili na kofia ya mtoto viko wapi. Halafu kata ukurasa huu, uubandike ukutani karibu na mlango. Na mtoto mdogo akizaliwa kwako au kwa jirani, usiseme “hatabaki”. Mpanguse, mfunge kifuani, na uje naye upesi.